Gunia la Mwanaupe

Sisimizi ndio walionipa habari. Wiki chache baada ya kumzika mume wangu Luhende, niliona msururu wao unatoka ukutani, unakwenda moja kwa moja kwenye boksi la mchanga analokojolea paka wake, Karani. Nikaduwaa. Msururu kama huo nilikuwaga nauona kwenye ndoo ya mkojo ya Luhende miaka saba. Na mtaa wetu wote wa Nyasho unajua Luhende aliugua kisukari, kwa sababu niliwaambia mimi mwenyewe.

Nikamtia Karani kikapuni, nikapanda lori hadi Butiama kwa Danford, bwana mifugo, rafiki wa marehemu. Kwanza alicheka. Akasema yeye kazi yake ni josho na ng'ombe za watu, paka hajawahi kumdunga hata mmoja. Halafu akampapasa mbavu zilivyotokeza, akaacha kucheka. Akauliza kama dawa za marehemu bado zipo. Zilikuwepo, chupa mbili, ndani ya chungu chenye mchanga wa majimaji, pale pale alipoziacha mwenyewe.

Basi akanifundisha. Asubuhi na jioni, saa kumi na mbili, ale kwanza, samaki wa furu watupu bila ugali. Chupa niiviringishe viganjani, nisiitikise. Sindano ya kioo niichemshe. Kipimo cha paka ni mstari wa kwanza wa chini, basi, nisithubutu kupita hapo. Mkojo niupime kama nilivyokuwa naupima wa marehemu: matone machache ndani ya ile dawa ya buluu, chemsha, ukibaki buluu, sukari hakuna, ukigeuka mwekundu kama tofali, imejaa.

"Na shemeji," akasema nikiwa nafunga kikapu, "akilegea, akianza kutetemeka, ujue sukari imemwisha. Mpake sukari kwenye fizi. Usinifuate mimi, usiende popote. Mpake."

Hilo nililijua. Nililijua kuliko yeye.

Luhende alikufa saa tatu asubuhi, mimi nikiwa bombani. Alishajidunga, uji wake nimeufunika mezani, usingizi ukampitia kabla hajaunywa. Ndoo yangu ilikuwa imejaa zamani, ila maneno ya siku ile yalikuwa matamu, mke wa nani kafumaniwa wapi, nikabaki kungoja mwisho wake. Karani alikuja mpaka bombani. Paka ambaye hakuwa anavuka kizingiti, akaja kulia miguuni kwangu. Nikamfukuza kwa kandambili. Niliporudi nyumbani, Luhende alikuwa ameloa jasho na amepoa. Kopo la sukari lilikuwa kabatini, limejaa.

Watu waliambiwa ugonjwa ulimzidi. Mimi ninayesema kila kitu, hilo sikulisema. Aliyelijua alikuwa mmoja tu, ana mkia, na sasa alikuwa anaita sisimizi. Nikaapa huyu hatakufa mikononi mwangu.

Mwezi wa nne, mwaka themanini na tatu, ukoo ulikuja kumaliza matanga. Nyumba ikajaa hadi jikoni watu wanalala, na mimi nyumba ikijaa ndipo napumua. Kwetu siku hizo mjane hashiki kazi. Maji atachota mwingine, moto atawasha mwingine, wala hawakuulizi. Wewe unakuta kazi imeshafanyika, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Aliyeshika usukani alikuwa wifi yangu Nyamburi wa Nyasura, Bunda, dada wa marehemu, mwanamke wa mikono mepesi. Jioni ile aliyofika alinikuta namdunga Karani, akasimama kuangalia, akatikisa kichwa kwa huruma.

Kulipokucha wakanikalisha chini ukumbini kuninyoa. Nikataka kuinuka, saa imefika. Wifi akainama sikioni, akaniambia nitulie, Karani keshakula, keshadungwa. Nikamshukuru. Sikumuuliza kiasi gani. Shangazi Keraryo, wa upande wa marehemu, alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye kiini cha habari ya yule shemeji yake wa Kibara, na masikio yangu yote yalikuwa huko.

Saa nne Karani akaingia ukumbini. Miguu ya nyuma ilikuwa inamsaliti, anakwenda upande kama kaa. Akapita katikati ya wanawake, akagonga kichwa kwenye sufuria, akaanguka. Wakacheka, mmoja akasema paka naye kaonja pombe ya matanga.

"Wifi, ulimvutia mpaka wapi?"

"Kwenye alama ya kaka," Nyamburi akasema. "Si ndiyo dozi?"

Luhende alikuwa ameipaka sindano yake rangi nyekundu ya kucha kwenye mstari wa kumi. Wifi alimdungaga kaka yake miaka ile alipokaa kwao. Aliijua alama ile, na aliiheshimu.

Nikakimbilia kabatini. Kopo halikuwa na sukari tena: wapishi walishaimaliza, wakaliosha, wakatia chumvi. Sukari ilikuwa imepotea mjini miezi, wageni wetu walikuwa wanakunywa chai na karanga. Nikatafuna ndizi mbivu nikamtia mdomoni. Ikamkwama, ikarudi na povu. Nikatoka kichwa kitupu kimenyolewa nusu. Sokoni meza zilikuwa tupu. Msako wa wahujumu uchumi, wanaoficha bidhaa, ulikuwa umeingia wiki ile, hata wauza miwa na asali walikuwa wamejificha, nani ajue kesho kosa litakuwa lipi. Hospitali ningesema mgonjwa ni nani? Siku ya Luhende sukari ilikuwepo, mimi sikuwepo. Leo mimi nipo.

Ukabaki mlango mmoja, na huo nilikuwa nimeupiga kufuli kwa ulimi wangu.

Mwanaupe ni mke wa Hamduni mwenye duka, tumepakana ukuta. Wiki mbili kabla ya msako nilisema bombani kwamba kitanda cha Hamduni siku hizi hakilii, kimekalishwa juu ya gunia la sukari. Watu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Utani ule ukatembea mji mzima. Msako ulipoanza, Hamduni alibeba gunia alfajiri akaimwaga sukari yote ziwani. Tangu siku hiyo Mwanaupe alikuwa hanisalimii.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Shoga, paka wa Luhende anakufa. Naomba sukari, kijiko kimoja tu."

"Sukari ipi?" akasema. "Si uliwaambia watu tunailalia? Nenda ziwani kawaombe furu, wao ndio wanaojua ilipo."

Nikapiga magoti kwenye pumba. Nikamwambia anitukane, nastahili. Halafu likanitoka lile nililokuwa sijamwambia kiumbe: kwamba Luhende alikufa kwa sukari kushuka, ya kumwokoa ikiwa kabatini, na mimi bombani nimekalia maneno.

Ungo ukasimama.

"Najua," Mwanaupe akasema. "Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Nilimwona paka anakuita. Niliona ulivyompiga."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani, Nyangi? Ingemrudisha?"

Akaingia ndani. Akatoka na kitu kimeviringishwa kwenye kanga, akakisukuma tumboni kwangu. Lilikuwa gunia lenyewe, tupu. Hamduni aliogopa kuliacha ziwani lisije likaelea na chapa yake, na kulichoma aliogopa moshi. Kwenye mishono, sukari ilikuwa imeshika unyevu ikagandamana kama chokaa.

"Likionekana, Hamduni anakwenda jela," akasema. "Nakupa wewe, na ulimi wako huo. Nenda."

Sikumbuki nilivyovuka ua. Nilifumua mishono kwa meno, nikailoweka kwenye maji ya vuguvugu, wifi kampakata Karani analia kimya kimya. Tayari paka alikuwa amekakamaa, macho wazi, hayaoni kitu, amejikojolea. Matone ya ule mkojo niliyachemsha. Buluu. Wiki zote hizo nilikuwa naiombea hiyo buluu, siku ilipokuja ndiyo ilikuwa inamuua.

Nikampaka fizi kwa kidole. Nikasubiri, nikampaka tena. Maji yale yalikuwa na rangi ya uchafu na harufu ya katani, nayaonja kila mara nione kama utamu bado upo. Akakakamaa mara ya pili. Nikamwita jina lake, kisha nikajisikia namwita Luhende, na wifi akajifanya hakusikia. Adhuhuri ikapita. Alasiri ulimi wake ukakigusa kidole changu, ukakilamba mara moja, kama anayeuliza.

Jua lilipoanza kuegemea akainua kichwa. Nikampa supu ya furu, akanywa. Jicho moja halikufunguka vizuri, na tangu siku hiyo halijafunguka vizuri tena. Ile saa kumi na mbili sikumdunga. Niliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ya kwanza iliisha zamani, na kwenye hii wifi alikuwa amevuta dawa ya siku tano kwa mkupuo mmoja. Iliyobaki ilikuwa imefunika kitako tu. Chupa nyingine hakuna wa kunipa, na Danford alishaniambia hivyo tangu mwanzo.

Shangazi Keraryo alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia kipande cha gunia ndani ya beseni. Nyuma yake wanawake wa ukumbini walikuwa wananyoosha shingo kuchungulia.

"Na hili gunia la nani, mke wetu?"

Niliona habari ilivyolala mdomoni mwangu, nzima, tamu, ikiwa na mwanzo na mwisho.

"La marehemu," nikasema. "Paka alikuwaga analilalia."

Nikaingiza lile gunia lote kwenye sufuria ya maji ya matanga, nikaizamisha chapa ya Hamduni isionekane, nikawaambia waongeze kuni.