Yowe la Sehemu ya Pili

“Sehemu ya kwanza mlilala na taa zinawaka. Hii ya pili mtahama nyumba.”

Hayo ni maneno ya Masikio, na aliyasema akiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu inasubiri zamu, hali ambayo mtu mwenye busara huwa amenyamaza. Lakini Masikio na busara walijuana kwa kusalimiana tu. Alikuwa fundi wa sauti za filamu, na hilo jina alipewa kazini. Tangu “Mpangaji wa Darini” itoke, mtaa ulikuwa ukimpisha njia kama bwana harusi, naye alishaanza kutembea kama bwana harusi.

Kwa ambaye hakuiona, habari yenyewe ni fupi. Familia inahamia nyumba ya kupanga, na huko darini kuna mzuka. Mzuka haonekani hata ukucha. Unamsubiri weee, mama wa nyumba anapanda ngazi na tochi yake, kimya, halafu kutoka gizani linakuja yowe. Moja tu. Watu wazima walitoka ukumbini wakaacha viatu. Waigizaji waliongea kama wanaosoma tangazo la kukatika maji, na picha zilikuwa nyeusi utadhani zimepigwa ndani ya gunia, lakini lile yowe liliibeba filamu nzima mgongoni. Watoto waliliiga wakitoka shule. Wapangaji waliwatishia nalo wenye nyumba.

“Hebu tuambie, kaka,” kinyozi alisema akazima mashine. “Lile yowe ulilitoa wapi?”

“Bawaba ya mlango yenye kutu, kopo tupu, na hili koo ulilolifunga taulo.”

“Juzi fundi viatu ulimwambia ni paka na baiskeli.”

“Paka alikuwa msaidizi.”

Wateja wakacheka. Masikio naye akacheka, ila macho yake hayakutaka kukutana na yale ya kwenye kioo.

Tuseme ukweli mapema, tusizungushane. Lile yowe halikuwa la bawaba wala la paka. Lilikuwa la dada yake.

Dada yake mkubwa alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni na ulimi ulionyooka kama pasi. Ndiye aliyemsomesha, ndiye aliyemnunulia hedifoni za kwanza wakati watu wote wa ukoo wakiuliza kama kusikiliza nako ni kazi. Siku moja Masikio alikwenda kwake kurekodi mvua. Filamu ilitaka mvua ya kwenye bati, na bati la dada lilikuwa na sauti nzuri kuliko yote aliyoyajua. Akaweka maiki juu ya stuli katikati ya chumba, akavaa hedifoni, akaomba kimya. Dada akakaa kitandani, akakunja shuka taratibu, akishika pumzi ili mdogo wake apate mvua yake.

Mlango ukagongwa. Akaingia mjomba wao, ametota chapachapa, akasema alichotumwa. Mama yao, aliyekuwa amelazwa, alikuwa amefariki.

Dada akapiga yowe.

Masikio alilisikia kupitia hedifoni. Na kabla machozi hayajamfika, kabla ile habari haijashuka kutoka masikioni kwenda moyoni, macho yake yalikimbilia mshale wa kupimia sauti kwenye mashine ya kurekodia. Aliuona umepanda hadi ukingoni mwa wekundu, na haukuvuka. Sauti safi, haikupasuka hata chembe. Akilini mwake likapita neno moja, upesi, kama mwizi anayeruka dirisha: nimelipata.

Kisha akalia, maana mama alikuwa wake pia. Wakazika. Matanga yakaisha, watu wakarudi makazini, na huko kazini akamkuta Direkta anavuta nywele zake chache. Alikuwa amewajaribu waigizaji wote wa kike waliokuwepo na hakuna aliyemtisha hata nzi.

“Masikio, nipe yowe. Lolote.”

Akampa. Alikata mvua, akakata mlango, akakata mjomba. Neno lililotangulia yowe nalo akalikata, kwa sababu lilikuwa “mama.” Akaliongezea mwangwi kidogo, akalishusha kidogo, akajiambia kwamba filamu yenyewe ni ya uchochoroni, nani ataiona.

Ngoma ikavuma.

Bahati yake, kama ni bahati, dada hakwenda kuitazama. “Mizuka ya nini? Mimi shuka zao ninazifua kila siku,” alisema. Lakini sifa alizimwaga. Kwa majirani, kwa manesi, kwa muuza sabuni: “Lile yowe katengeneza mdogo wangu, yule niliyemlea.” Kila aliposema hivyo mbele yake, Masikio alijihisi kama mtu anayesifiwa shati, na anayemsifia ndiye aliyeibiwa hilo shati, yuko kifua wazi na hajui.

Kwa hiyo Direkta alipotangaza sehemu ya pili, Masikio alikuwa wa kwanza kusimama.

“Yowe nitatengeneza jipya.”

“La kazi gani? Lililopo halijaisha utamu.”

“Jipya litalizika hilo la zamani, bosi. Niamini.”

Direkta alidhani kijana amepata ari. Kumbe kijana alikuwa anatafuta kaburi. Likipatikana yowe kali kuliko lile, watoto wataiga jipya, la zamani litasahaulika kama nyimbo zinavyosahaulika, na dada hatalisikia kamwe. Naye ataweza kula mezani kwa dada yake bila kuongea na sahani.

Basi akaingia kazini. Alikwaruza bawaba za milango ya watu hadi mwenye nyumba mmoja akadhani anaibiwa. Alijifungia stoo akapiga mayowe mwenyewe, sauti ikamkauka, akawa anaagiza chai kwa vidole. Akamwita Mama Mzuka, yule mwigizaji atakayekuwa mzuka safari hii, mama mnene mcheshi asiyeweza kumtisha hata mdeni wake. Yule mama alipiga yowe kama aliyekutana sokoni na rafiki aliyesoma naye. Mwisho akaletwa mbuzi. Mbuzi angalau alikuwa na uchungu wa kweli, ingawa alionekana kulia zaidi kwa ajili ya kamba.

Ili apime, akaifungua kwenye kompyuta yake ile rekodi ya siku ya mvua, nzima, ambayo hakuwa ameigusa tangu alipoikata. Alipiga pale katikati tu, kwenye yowe lenyewe, hedifoni zimebana, kisha akapiga lake la kuungaunga. Mwanzo hakuusikiliza. Wala mwisho. Ilikuwa kama kupima nguo mpya juu ya maiti. Kila alipomaliza alijiambia limekaribia. Mtu akitaka sana kudanganywa hakosi wa kumdanganya, hata awe peke yake chumbani. Siku ya kukabidhi kazi alikwishaamini, na kwa imani hiyo akapita kwa kinyozi kujigamba, kisha akaenda kwa dada.

“Dada, hii lazima uje.”

“Mzuka yupo?”

“Yupo, ila ni mpole.”

“Na yowe?”

“Yowe nimetengeneza mimi,” alisema, na safari hii ilikuwa kweli, hata akasikia raha mdomoni. “Lote, kwa mkono wangu.”

“Basi nitakuja nimshike mtu mkono. Nikizimia utanibeba wewe.”

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa mikutano wenye viti vya plastiki na mapazia yasiyofika chini. Kompyuta ya Masikio iliunganishwa na spika kubwa mbili. Dada alikaa mstari wa mbele, kitambaa cha kichwani kimepigwa pasi hadi kimesalimu amri, akawageukia walio nyuma na kuwaambia, bila kuulizwa, yeye ni nani na fundi ni nani kwake.

Filamu ikaanza, na mzuka akatokea dakika hiyohiyo. Mchana kweupe. Mama Mzuka alijifunika shuka jeupe, akapakwa unga, na chini ya shuka kandambili zake za bluu zilimtangulia. Tena hakutisha, alieleza. Alieleza ukoo wake, akaeleza alivyokufa, akaeleza kwa nini anakaa darini wakati chini kuna nafasi, kisha akarudia kwa faida ya waliochelewa.

“Mzuka, fupisha!” sauti ikatoka nyuma.

“Huyo siyo mzuka, ni mwenyekiti wa kikao!”

“Mwulizeni kama kuna chai!”

Masikio alivumilia. Silaha yake ilikuwa bado. Ikafika ngazi, ikafika tochi, na ukumbi, kwa heshima ya sehemu ya kwanza, ukanyamaza. Watu wakashika viti. Masikio akashika chake. Yowe likatoka.

Lilianza kama bawaba, likapita kwa Mama Mzuka, likaishia kwa mbuzi.

Halafu katoto kakauliza, “Mama, mbuzi ameumia?”

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka hadi viti vikaegemeana, mzee mmoja akaomba atolewe nje apumue. Masikio alishuka kwenye kiti chake taratibu, kama mshumaa. Katikati ya vicheko yalisikika makofi ya mtu mmoja, makavu, ya viganja vilivyozoea sabuni.

“Mimi nimeogopa,” dada alisema kwa sauti. “Haki ya Mungu, nimeogopa.”

Hapo ndipo Masikio alipotamani ardhi ipasuke. Kuchekwa na ukumbi kunavumilika. Kutetewa na yule uliyemwibia ni kitu kingine.

“Turudishieni yowe letu!” mtu akapaza sauti, na wengine wakadaka, wakipiga viti kama ngoma. “La kwanza! La kwanza!”

Direkta alipanda jukwaani mbio, jasho likimchuruzika, akashika kipaza sauti. “Ndugu watazamaji, tulieni! La kwanza tunalo, halikwenda popote. Na fundi wake huyu hapa. Masikio, njoo uwaeleze ulivyolitengeneza, halafu tuwapigie.”

“Bosi, mimi naona tumalizie filamu…”

“Filamu gani tena, mwanangu? Panda!”

“Nenda, mdogo wangu,” dada akamsukuma mgongoni. “Usiwaogope hawa. Waambie.”

Akapanda. Direkta alimtia kipaza sauti mkononi, akaenda kuinamia kompyuta. Masikio aliutazama ukumbi, akamwona dada ameinua kidevu, amekunja mikono, anasubiri kusikia kazi ya mtoto aliyemlea. Palikuwa na nafasi ya kusema kweli, ndogo, lakini ilikuwepo, mtu mwembamba angepita.

“Ilikuwa bawaba,” alisema. “Ya mlango. Na kopo. Kopo unaliweka hivi…”

“Mnaona!” dada akawaambia walio nyuma. “Akili hiyo.”

“Nimelipata,” Direkta alisema kutoka kwenye kompyuta. “Liko hapahapa, lina mlima mkubwa huu wa sauti katikati.”

“Bosi, hiyo siyo.”

“Ndiyo. Mlima huu ninaujua.”

“Bosi, acha hiyo, nitakutafutia—”

Direkta alibonyeza, na alibonyeza kuanzia mwanzo.

Mvua ikaanza kunyesha ukumbini. Ilikuwa mvua nzuri kweli, watu kadhaa waliangalia dari. Dada aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa barabara ya pili. Mlango ukagongwa. Miguu iliyotota ikaingia, na sauti ya mjomba, ile ya kukwaruza ambayo ukoo mzima unaijua, ikajaa kwenye spika zote mbili:

“Wanangu, kaeni kwanza. Mama yenu ametutoka.”

“Mama!”

Na yowe likafuata, safari hii na kichwa chake. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeogopa pia. Watu waliinamisha nyuso kama waliofungua mlango wasiopaswa kufungua, wakamkuta mwenyewe ndani. Direkta alikuwa anahangaika na vitufe, na kila alichobonyeza kiliongeza sauti badala ya kuizima. Yowe likaisha. Ikasikika stuli ikiyumba. Kisha, karibu kabisa na maiki, sauti ya kijana, ya haraka, kavu, isiyo na chozi bado:

“Dada, maiki! Angalia maiki!”

Mwisho huo Masikio hakuwa ameusikia hata mara moja. Alichokikumbuka yeye ni kwamba alimkumbatia dada.

Hatimaye Direkta aling’oa waya ukutani. Picha ikafa, spika za filamu zikafa. Dada alikuwa amesimama. Hakulia, hakumtukana. Alimtazama mdogo wake kama anavyotazama shuka lenye doa, akitafuta limeingia mpaka wapi.

“Ilipona?” akauliza.

Masikio akautazama ule waya uliong’olewa.

“Hiyo maiki. Nauliza, ilipona?”

Kipaza sauti cha ukumbi kilikuwa na waya wake, na kilikuwa bado kinafanya kazi mkononi mwa Masikio. Watu wote, hadi wa mlangoni, walimsikia akimeza mate.