Upara wa Fundi Isikeli

Isikeli, fundi wa mapaa mjini Suva, alimchumbia Mereani mwaka mzima bila kumvulia kofia. Upara ulimwanza utosini akiwa na miaka ishirini na tano. Alipaka mafuta ya nazi, majani, dawa za kila mpita njia, wapi! Sasa siku ya posa imefika, na kijijini kwa akina Mereani haingii mtu na kofia. Aliamini wakimwona tu, posa imekufa.

Akafanya nini basi, huyo mwerevu? Akasaga makaa, akachanganya na mafuta, akajipaka kichwa kizima.

"Umeota nywele au umepigwa lami?" akauliza Tomasi, binamu na mtani wake.

"Koma!"

Ndani ya nyumba ya akina Mereani joto lilikuwa kali. Mjomba wake Isikeli alikuwa amemnyooshea babake Mereani jino la nyangumi, ambalo huko likipokewa ndiyo posa imekubaliwa, anaomba mke kwa maneno mazito, wakati tone jeusi lilipomshuka Isikeli puani. La pili likaangukia shati jeupe.

"Fundi, paa linavuja!" akasema Tomasi. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Isikeli akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mereani akainuka kwenye safu ya wanawake, akachukua taulo na beseni. Akapiga makofi ya kuomba radhi, kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Isikeli. Loo! Kicheko kikakatika. Huko kichwa cha mwanamume hakiguswi ovyo, sembuse mbele ya wazee.

"Hujalogwa, wala si kofia iliyokumaliza nywele," akasema huku akimfuta taratibu. Alikuwa muuguzi, alijua anachosema. "Ni urithi wa ukoo na homoni za kiume. Dawa ya kupaka ipo. Inataka miezi, na ukiiacha nywele zinaanguka tena. Ukitaka nitakuelekeza. Usipotaka, mimi niliuona upara huu tangu siku ile upepo ulipokupeperushia kofia ukiezeka paa la zahanati yetu."

"Na hukusema?"

"Nilingoja uivue mwenyewe."

Ee, mwanamke huyu! Mwaka mzima amemsitiri, hata kumcheka kwa pembeni hakumcheka. Isikeli akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Jino la nyangumi lilikuwa bado mikononi mwa mjomba. Babake Mereani akautazama mkono wa bintiye juu ya kile kipara.

"Sasa mimi mnaniuliza nini tena?" akasema, akanyoosha mikono kulipokea.