Chumba Kisichopitiwa na Mstari

Niliwaomba wakazi wachore wanakopita. Kila mmoja nilimpa karatasi nyembamba, ile inayoonyesha kilicho chini yake, nikaitandika juu ya ramani ya kituo chetu cha michezo na kumkabidhi penseli: anzia unapoingilia, fika kila unapofika kwa juma zima, ishia unapotokea. Kanuni ya halmashauri ilitaka wakazi washirikishwe kabla kituo hakijapanuliwa, nami, msanifu majengo wao, niliiamini kanuni hiyo kwa dhati. Mguu, nilidhani, hausemi uongo.

Kazi yenyewe ilikuwa na raha yake. Fundi cherehani alimwuliza kocha kwa nini mstari wake unaishia kivulini na hauingii uwanjani. Kocha akajibu kwamba yeye hufundisha kwa filimbi, na filimbi haina haja ya kitambi chake. Baba naye alichora, taratibu, miwani ikiwa imemshuka puani. Alikuwa msimamizi wa kituo kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa sababu ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake watu wote humwita Mzee Funguo. Alipostaafu, miaka miwili iliyopita, aliirudisha nyumba ya kazi; hata hivyo alfajiri yeye ndiye aliyefungua milango, na hakuna aliyemwambia aache. Mstari wake uliingia langoni, ukazunguka ukumbi, bomba na uwanja, kisha ukatoka langoni kuelekea kwa fundi cherehani, alikoniambia amepanga chumba cha uani. Huko ndiko nilikomtembelea kila Jumapili. Tulikaa sebuleni, mke wa fundi akatuletea chai, baba akanywea kikombe chake cha bluu.

Karatasi zilikuwa sitini na tatu. Nilizipanga moja juu ya nyingine na kuzibandika kwenye kioo cha dirisha la ofisi, jua likapenya. Langoni mistari ilisongamana hadi pakawa peusi tii. Mahali pamoja tu palibaki peupe: stoo ya vifaa nyuma ya ukumbi, hatua nne kwa tatu. Mistari iliikaribia, ikapinda, ikaizunguka. Watu sitini na watatu, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga hapo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Siku hiyohiyo nilichora stoo ikibomolewa, na chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo kikisogea hadi kwenye uzio.

Jumamosi asubuhi niliwaonyesha mchoro huo, nimeubandika kwenye ukuta wa ukumbi, na zile karatasi nimezitandika juu ya ramani mezani. Nilieleza kwamba wao wenyewe ndio walioniongoza, kwamba mahali ambapo hakuna anayepita hapana kazi. Nilitarajia makofi. Kocha alitazama viatu vyake. Mke wa fundi, ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo, aliacha kujipepea.

Nikadhani hawajanielewa. Nikapendekeza twende sote tukakione chumba, nikamgeukia baba, aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, nikamwomba atufungulie.

"Ufunguo wa stoo umepotea," alisema.

Mzee Funguo hakuwahi kupoteza ufunguo. Kwa sentensi kama ile ukumbi mzima ungeangua kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Niliwatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alitafuta pengine pa kutazama.

"Mama mdogo, kuna nini?"

Alinyanyuka, akanisogelea hadi mezani, akaweka kidole juu ya ule weupe. "Hapa hatukupasahau, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Tuliparuka. Baba yako ndipo anapolala."

Nakumbuka kwamba nilifunika kalamu yangu. Nakumbuka pia kwamba sikukiona kifuniko nilichokuwa nimekishika.

Baba alikuwa ameshasimama. Alilitoa shada, akauchagua ufunguo bila kuutazama, akatangulia. Nilimfuata peke yangu. Wengine walibaki vitini. Ndani, magodoro mawili ya mazoezi yalikuwa yamelazwa moja juu ya jingine na kutandikwa shuka iliyonyooshwa vizuri. Mashati yake matatu yalining'inia kwenye nguzo ya wavu wa mpira wa wavu. Ukutani ilikuwepo picha yangu ya mahafali, na chini yake jiko dogo, sufuria moja na kikombe cheupe kilichovunjika mkono. Miaka miwili ya Jumapili ilinipita kichwani: sebule ya watu, chai ya watu, kikombe cha bluu kilichotolewa kabatini kwa ajili ya macho yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Una vyumba viwili na watu sita," alisema. "Niliwahesabu nilipokuja kumwona mtoto."

Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Tuliporudi ukumbini hakuna aliyekuwa ameondoka. Fundi cherehani alianza kuniomba radhi, nikamzuia. Nilijua kwamba iwapo ningemsikiliza ningelia, na baba asingenisamehe kwa kulia mbele ya watu. Niliubandua mchoro wangu ukutani. Nilitandika karatasi safi juu ya ramani, nikamwita baba mezani, nikampa penseli.

"Chora tena," nilimwambia. "Unakopita kweli."

Aliitazama penseli, kisha watu. Nilimweleza, wote wakisikia, kwamba kitakachochorwa kitafika halmashauri. Kwamba wakubwa wa huko wanaweza kukubali msimamizi akae kituoni au kumwondoa, lakini chumba kisichochorwa kitabomolewa bila hata kuulizwa. Kocha akavuta kiti, akakisogeza nyuma ya baba ili aketi.

Baba aliweka ncha ya penseli katikati ya stoo. Mstari ukasogea, ukapenya ukuta wa nyuma, ukaelekea bombani.

"Hapo hakuna mlango, baba," nilisema. Ramani niliitoa kwenye faili, nami nilikuwa nimeiamini.

"Upo, nyuma ya mashati. Niliutoboa mwenyewe mwaka jana."

Nikachukua rula na kuuchora.