Mpira wa Kocha

Siku kocha alipozikwa, dobi alipiga pasi gauni lake jeusi, akalivaa likiwa bado na joto, na vifungo vya kiunoni vikakataa kufunga. Ikabidi aazime pini kwa jirani yake, fundi viatu. Makaburini watu walimsifu marehemu kwamba mkono wake ndio uliotoa mabingwa wote wa mtaa. Mkono huo ulikuwa haukosi kipande cha mpira wa maji, wa kijani, na walimzika nacho.

Dobi naye alikuwa bingwa wa mbio enzi zake, mpaka alipojikwaa mzunguko wa mwisho, kocha akamchapa kwa mpira huo palepale uwanjani hadi kaptura ikalowa damu, na jukwaa zima likapiga makofi. Hakukimbia tena. Alinunua viatu vya mbio mara kadhaa, vyote vikaishia chini ya kitanda. "Kesho naanza," alisema kila jioni, na mumewe akamjibu kwamba kesho hiyo imeshaota ndevu. Kiapo kimoja tu alikitimiza: binti yake hakuwahi kuguswa na fimbo ya mtu yeyote, hata ya mwalimu.

Alfajiri baada ya mazishi, mpira ulibisha mlango. Ulikuja peke yake, na udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka. Dobi alifungua, kwa kuwa mgeni hafukuzwi, nao ukamchapa kwenye mashavu ya miguu. Alitoka mbio na nguo ya kulalia. Kwenye kona ya kwanza alitapika, ukamchapa, akafika ya pili.

Ukawa unakuja kila alfajiri. Mume alijaribu kuushika, ukamng'oa jino la mbele. Baada ya hapo, akiusikia tu mlangoni, alijifunika shuka na kugeukia ukutani. Dobi alikwenda polisi, akainua gauni kidogo, akaonyesha mistari.

"Anayeushika ni nani?" askari aliuliza.

"Hakuna mtu. Unakuja wenyewe."

"Sasa dada yangu, mimi nitamtia nani pingu?" Alimpa pole, kisha akamsifu kwamba amepungua.

Na kweli alikuwa amepungua. Pumzi ilirudi, kilima cha nyuma ya soko akakipanda bila kushika kiuno, na kazini alisimama na pasi kutwa nzima miguu isimuume, ila pale palipochanika. Fundi viatu alimbadilishia soli na kukataa malipo. "Mti hauendi ila kwa nyenzo," alimwambia. "Ungelala wewe mpaka lini?"

Asubuhi fulani dobi alijikuta amefunga kamba za viatu kabla ya hodi. Alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimuuma kuliko vidonda.

Kisha ikaja alfajiri ambayo hapakubishwa hodi. Dobi alingoja kizingitini mpaka aliposikia mlio wa mpira mbali, kwenye kona ya pili, na sauti ya mtoto. Kitanda cha binti kilikuwa kitupu.

Alikimbia kama alivyokuwa hajakimbia maishani. Ungekuwa mwaka uliopita, angeanguka mbele ya duka la fundi viatu. Sasa alilipita duka, akapita kona, akaona gauni la shule limepasuka mgongoni na mpira ukishuka tena. Aliupata katikati ya kilima. Aliudaka kwa mkono wa pasi, nao ukatulia kiganjani, wa moto.

Binti alisimama. Alikuwa akilia na kamasi zikimtoka. "Asante, mama," alisema. "Turudi nyumbani. Siwezi tena."

Dobi alitazama kilele. Hakikuwa mbali. Aliitazama miguu ya binti, mirefu, myepesi, kama yake ya zamani, na akaona jinsi mtoto alivyokwishapinda mgongo, ameshika kiuno.

Alivijaribu vidole vyake. Vilifunguka bila shida. Akavifunga.

"Umebakiza kidogo tu," alisema.

"Mama."

"Nimekwambia kimbia."

Binti hakusogea, na mkono ukapanda. Pigo la kwanza lilitua begani, la pili shingoni. Baada ya hapo binti alikimbia, na alikimbia vizuri sana, hata wauza maziwa wakaegesha baiskeli zao kumtazama. Fundi viatu alitoka dukani na kiatu cha mtu mkononi.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema, akapiga makofi.

Binti alitangulia kufika nyumbani, damu ikiwa imeshuka hadi kwenye soksi. Baba yake alimtazama, kisha akajifunika shuka. Dobi aliusuuza mpira kwenye ndoo, akaufuta kwa kitambaa, akautundika kwenye msumari kando ya pasi. Jioni alifua gauni la shule, akashona mgongo uliopasuka, akalinyoosha liwe tayari kwa kesho.