Barua ya Pili kwa Wageni wa Jubilei

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Chaki ikivunjwa ovyo naweza kununa hadi kengele ya mchana. Basi fikirieni hali yangu Jumanne ile asubuhi, nilipofungua simu na kukuta mwanafunzi wetu wa zamani aliyeko Mbeya ananiuliza kama baba yake, mzee wa miaka themanini na moja, atapata kiti chenye mto.

Baba yake wa nini? Shule yetu ya wasichana, hapa Nachingwea, ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na mwenyekiti wa kamati ya jubilei nilikuwa mimi. Tuliwaalika mia na ishirini waliowahi kusoma hapa, kwa barua pepe, maana wametawanyika nchi nzima. Mzazi hatukumwalika hata mmoja.

Nilikwenda ofisini mbiombio. Dafrosa, katibu muhtasi wetu, alikuwa ameshaliona kosa. Barua ya wageni aliitengeneza kutoka ile ya mahafali ya kidato cha nne ya mwaka jana. Alibadilisha kichwa, akabadilisha tarehe, lakini sentensi moja ikabaki pale pale: "Kila mgeni afike na mzazi au mlezi wake." Ilikuwa imeshawafikia wote.

"Andika sasa hivi!" nilifoka. "Waambie waipuuze. Au sema wezi wa mtandao wametuingilia. Siku hizi kila mtu anaingiliwa."

"Shikamoo, Mwalimu Linus."

Niliitikia huku nimenuna.

"Hakuna aliyetuingilia, Mwalimu. Nimekosea mimi. Naomba nafasi mpaka saa nane, ndiyo niandike."

"Saa nane watakuwa wameshapanda mabasi!"

"Jubilei ni wiki tatu zijazo," alisema, akavuta karatasi.

Nilikaa pale nikimwangalia, na nasema kweli, kwa nusu saa ya kwanza nilimwona mzembe. Alikuwa anasoma tu. Alisoma jibu moja baada ya jingine, akiandika majina. Halafu akaanza kuwapigia simu wale ambao hawakujibu. Nilipomuuliza anatafuta nini, alinijibu bila kuinua kichwa, "Nataka kujua kosa langu limeshafika kwa nani."

Wengi walikuwa hawajasema lolote nyumbani. Hao aliwaambia waziwazi kwamba imekosewa, na wengine wakacheka. Lakini wanafunzi kumi na watatu walikuwa wameshawaambia wazazi wao. Huyu wa Chiola baba yake ameshanyoa ndevu. Yule mwingine, mama yake ameshawatangazia jumuiya nzima. Kisha Dafrosa akanisomea jibu la Munira, aliyemaliza hapa miaka ya tisini na sasa anafanya kazi Dodoma.

"Barua za siku ya wazazi zilikuwa zikiandikwa kwa baba," Munira aliandika, "na baba hakutaka kusikia habari za shule. Mama ndiye aliyelima hadi nikamaliza, lakini hajawahi kuitwa hapo hata siku moja. Jana nilimpigia simu Nanganga nikamsomea barua yenu. Akaniambia nimsomee tena. Ahsanteni sana kwa kumkumbuka."

Tulimkumbuka! Wakati hatukujua hata kama yupo. Niliona aibu, na aibu kwangu hutoka kwa njia ya ukali.

"Sasa watakaa wapi?" nilisema. "Ukumbi umejaa, viti vimeshapangwa."

"Meza kuu ina viti kumi na vinne."

"Meza kuu ni ya kamati!"

"Kamati tunaweza kukaa kwenye mabenchi ya nyuma, Mwalimu."

Miaka ishirini na sita nafundisha hapa, na kiti kile chenye kitambaa cheupe nilikuwa nimeshakiota. Niliudhika, na nilitoka nje kuzunguka uwanja. Niliporudi alikuwa ameshaandika, na hajatuma. Alinisogezea nisome.

"Wapendwa wageni wetu. Katika barua ya jana niliandika kwamba kila mgeni afike na mzazi au mlezi. Nilikosea, halikuwa kusudio letu, na ukumbi hautawatosha wote. Ambaye hajamwambia mzazi wake, naomba asimwambie, na atusamehe. Lakini wazazi kumi na watatu wameshapata habari. Hao hatuwaondoi. Kuanzia leo ni wageni wetu, na kila mmoja ana kiti chake kwenye meza kuu." Chini yake majina yote kumi na matatu, na kila mmoja na kwao. Mwisho kabisa: "Aliyekosea ni mimi, Dafrosa, katibu muhtasi."

Nimesoma barua za wakubwa wengi. Sijawahi kuona kosa likielezwa wazi namna ile, bila kisingizio, na bila mtu kuachwa amedhalilika. Binti wa miaka ishirini na saba! Tena Jumatatu aliniletea barua ya kwanza niipitie, nami nikasema "tuma, tuma" bila hata kuvaa miwani. Hilo hakulitaja popote.

"Weka na jina langu," nilimwambia.

"Si lazima, Mwalimu."

"Weka!"

Akaliweka, akatuma saa nane kasoro.

Siku ya jubilei nilisimama mlangoni mwa ukumbi kupokea wageni. Munira alifika na mama yake, Bi Zena Shaban, mwembamba, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani. Walipofika kwenye ngazi, mama alisimama. Hakutaka kupanda. Munira alimshika mkono, naye akautoa taratibu.

Nilidhani haya imemshika. Nikashuka nikamwamkia, nikaanza kumhakikishia kwamba barua ile ya kwanza isimtie wasiwasi, kwamba mzazi yeyote aliyefika ni wetu.

"Ile ya kwanza najua mlikosea," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu aliyezoea Kimwera. "Huyu amenisomea zote. Ile ilisema mzazi. Mzazi ni mtu yeyote. Hii ya pili imesema Zena Shaban wa Nanganga." Akaangalia nyuma yangu, ndani ya ukumbi. "Aliyeiandika ni nani? Nataka anipeleke yeye."

Nilikwenda nikamwita Dafrosa.