Viazi vya Saa Nne

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na mwenyewe alishazoea. Ukimpelekea saa yako ataipokea kwa mikono miwili, atabana lenzi jichoni, ataguna kidaktari, kisha ataiandikia kadi: namba, mwenyewe, ugonjwa. "Njoo kesho," atasema. Wapo walioifuata kesho hiyo mpaka watoto wao wakaoa.

Mkewe naye alianza kama mteja. Akiwa msichana alileta saa ya ukutani ya marehemu baba yake, iliyosimama saa nne kamili, akaambiwa aje kesho. Akaja. Akaja na kesho yake. Baada ya miezi minane wakaona bora waoane tu, kuliko bibi wa watu kuendelea kuchosha miguu. Hiyo ni miaka thelathini na mbili iliyopita. Saa bado ilikuwa kwenye ukuta wa duka, bado saa nne kamili, na Fundi hakuwahi kukubali kwamba imesimama.

"Inapumzika," alikuwa akisema.

Sasa bibi alikuwa amechoka. Bomba la jikoni, kesho. Bawaba ya mlango wa choo, kesho. Asubuhi moja alitoka nyumbani kwao, nyuma ya duka, akaingia dukani na begi la nguo, akalitua karibu na mlango, zipu imefungwa mpaka mwisho. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hapo ndipo Fundi alipoogopa.

"Nataka kitu kimoja tu," alisema. "Kiwe tayari siku uliyosema kitakuwa tayari. Chochote kile. Ukishindwa, mimi nahamia kwa dada."

Dada yake alikaa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini. Lakini Fundi alipoiwaza nyumba bila mtu wa kumgombeza, hatua hizo aliziona ni safari.

Bahati nzuri, au mbaya, muuza mbegu alikuwepo, amekuja kuulizia saa yake kwa mara ya kumi na moja. "Mimi mbegu zangu za viazi vya mapema," alijigamba, "tangu kupandwa, siku sabini ni siku sabini."

Fundi akadakia palepale. "Mke wangu! Siku ya sabini, adhuhuri, utapika viazi vya ua huu."

Kazi ikaanza, na lazima tuwe wakweli, alianza vizuri. Alipanga viazi vya mbegu kumi na sita kwenye trei ya mayai, dirishani penye mwanga, mpaka vikatoa machipukizi mafupi manene. Akavipanda nyuma ya duka, na kila shina akalipa kadi kwenye kijiti. Namba saba: macho matatu, moja linachelewa kufunguka. Namba kumi na mbili: mzima, abaki chini ya uangalizi.

"Vikifika urefu wa kiganja, pandishia udongo shinani," muuza mbegu alimwelekeza. "Na chakula ni maji ya samadi, kopo moja kila shina, Jumamosi saa nne asubuhi, basi. Usizidishe, mzee wangu. Kiazi si mgeni wa harusi."

Jumamosi ya kwanza Fundi alishika kopo lake, akageukia ukuta wa duka kutazama saa. Zilikuwapo saa thelathini na moja, na kila moja ilikuwa na saa yake.

Mtu mwingine angemwuliza mpita njia. Lakini Fundi, ingawa wenyewe bado walikuwa wakiambiwa waje kesho, alikuwa ameziandikia saa zote hizo "imepona" kwa mkono wake mwenyewe. Kusema hata moja inakosea ni kusema amemdanganya mwenye saa, na afadhali ale hilo kopo. Kwa hiyo zote zilikuwa sahihi. Ya kwanza ilifika saa nne kabla jogoo hajamaliza kuwika, akalisha. Ya pili ikafika akiwa anapiga mswaki, akalisha na povu mdomoni. Akashinda hivyo mpaka jua linazama, mbio dukani, mbio uani, kopo mkononi, ananuka zizi.

Ya baba mkwe ndiyo ilimtesa zaidi, kwa sababu kwayo ilikuwa saa nne wakati wote. Kuipuuza ni kukiri imekufa. Basi kila alipopata nafasi kati ya saa moja na nyingine, akalisha na kwa niaba ya marehemu. Na kwa kuwa saa ile haikujua Jumamosi wala Jumanne, akalisha kila siku.

Viazi vilikwenda juu. Siku ya thelathini vilimfika kiunoni, siku ya hamsini vilishika bati. Majani yaliingia dukani kwa dirisha la nyuma, yakafunika saa saba za ukutani na kalenda. Wateja walilazimika kuyafungua kama pazia ndipo waambiwe waje kesho. Bibi alikuwa akipita, anatazama, anaenda zake. Lakini Fundi aliona begi, bado liko pale mlangoni. Siku ya hamsini na tano zipu ilikuwa imefunguliwa nusu. Siku ya sitini na tatu kanga moja ilikuwa imerudi kabatini. Moyo wake ukamjaa, akaongeza kopo.

Siku ya sabini bibi alikuja uani na karai. Jikoni sufuria ya maji ilikuwa inachemka. Muuza mbegu naye alikuja kushuhudia.

Fundi alichimba shina la kwanza. Mizizi na mnyoo mmoja mnene. La pili, mizizi. Shina la nane lilitoa kiazi kimoja, kikubwa kama kifungo cha shati. Fundi alikipangusa, akakitazama kwa lenzi.

"Acha! Acha hayo mengine!" muuza mbegu alipiga kelele. "Umeyashibisha yakaota majani tu. Umelisha mara ngapi?"

"Saa nne, ulivyosema."

"Saa nne ya saa ipi?"

Fundi akageukia duka. Kupitia dirisha, katikati ya majani, saa ya baba mkwe ilikuwa inamtazama. Mkewe naye alikuwa anamtazama.

"Zote," alisema. Kisha akatoa lile lililomkaa kooni miaka thelathini na mbili. "Mke wangu, saa ya baba imekufa. Ilikufa kabla hujaileta. Niliogopa nikikwambia hutarudi."

Bibi alikitwaa kile kiazi, akakigeuza kiganjani. Akaingia ndani, akazima jiko, akafunga zipu ya begi mpaka mwisho.

"Hayo manane yaliyobaki," aliuliza akiwa mlangoni, "yatakuwa tayari lini?"

Lile neno lake la siku zote lilikuwa limeshamfika Fundi ulimini. Akalimeza kwa shida.

"Sijui," alisema. "Nikiacha kuyalisha, huenda wiki tatu. Huenda yasiwe."

Bibi alishusha pumzi. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia jibu kama hilo kwenye duka lile.

"Basi nitakuja kesho kuuliza," alisema, begi begani, akivuka barabara. "Saa nne. Ya simu yangu."