Mtu wa Bloku ya Nane

Nzigire alikuwa akichambua mawe kwenye mchele, kivulini mwa kinu cha Bugarama, wakati gari la kampuni ya bwawa liliposimama mbele yake. Dereva hakuzima injini.

"Maman Odette, bamemupata bwana yako."

"Wapi?"

"Ndani ya ukuta. Bloku ya munane."

Nzigire aliweka ungo chini, akakung'uta pumba kwenye kitenge, akauliza kama apite nyumbani kuchukua shuka jeupe. Dereva alisema hajaambiwa habari ya shuka. Walipita, akalichukua.

Mumewe, Mulume, alitoweka bwawa lilipokuwa likijengwa, zamani Cyangugu ilipokuwa bado mkoa. Birindwa, kapita aliyesimamia wajenzi, alikuja jioni ile kumwambia kwamba mumewe amevuka mpaka na mwanamke wa Bukavu. Mtu aliyekimbia hawekewi matanga. Ndugu wa Mulume hawakuja kukaa naye, majirani hawakuleta kuni wala pombe ya mtama, na Nzigire akabaki si mke wala mjane. Kisimani walimwambia mumewe alichoka na mboga zake.

Sasa Birindwa alikuwa mzee, na alimngoja kwenye lango la bwawa akiwa amevua kofia. Alimweleza taratibu. Zege, ambalo wao huliita beto, la bloku moja humwagwa mfululizo hadi lijae. Likisimamishwa, la juu halishikani na la chini, na maji hupata njia. Mulume aliteleza akaangukia ndani wakati ndoo iliyofuata ilikuwa tayari hewani.

"Beto haisimame, Maman," alisema Birindwa. "Unajua mwenyewe."

Nzigire alisema anajua.

Mwaka huo kampuni ilikuwa imetoboa ukuta na kuingiza vipimo vipya, vya kusikiliza maji yanavyosukuma na ukuta unavyotanuka juani. Kila kipimo kilikuwa na waya uliofika ofisini kwa mhandisi Twagirayezu. Kutoka bloku ya nane yalikuja mapigo ya moyo. Twagirayezu alibadilisha kipimo, mapigo yakaendelea. Akabadilisha waya, yakaendelea. Ndipo akaagiza itobolewe tundu ya upana wa mdomo wa chupa, akamsalimia aliyekuwamo.

Nzigire alipiga magoti mbele ya tundu ile.

"Mulume."

"Sauti yako imezeeka," alisema Mulume.

"Yako iko vilevile."

"Huku hakuna jua."

Nzigire alitandaza shuka kwenye nyasi, akawaambia vijana wa kampuni walete nyundo. Hakuna aliyeinuka. Twagirayezu, aliyekuwa mtu mpole, alichuchumaa kando yake. Alisema bloku ilipasuka kwa ndani, na ufa umesimama pale mgongo wa Mulume ulipouegemea. Tena Mulume huhisi maji kabla ya vipimo vyote. Wiki iliyopita alisema upande wa kushoto unalemewa. Walifungua mlango wa maji, na kweli. Hakuna kifaa kilichowahi kufika hapo.

"Tukimutoa, Maman, maji yote inashuka. Na shamba ya Odette iko pale chini."

Nzigire aliyatazama mashamba ya mpunga. Yalikuwa mabichi mpaka barabara ya Ruhwa.

"Basi museme mbele ya bantu kama hakukimbia. Nimuwekee matanga."

"Matanga ni ya mufu," alisema Twagirayezu. "Yeye iko kazini."

"Na ile siku? Museme ile siku."

"Tukisema ile siku, batauliza nani alimwaga beto."

Birindwa aliirudisha kofia kichwani.

Tangu hapo gari lilimfuata Nzigire kila asubuhi, kwa sababu asipokuwepo Mulume hakujibu mtu. Alimsimulia bei ya mchele, watoto wa Odette, nani kaolewa Mibirizi. Mulume alisema maji yako hivi, maji yako vile. Kijana mmoja alipeleka maneno hayo ofisini. Wageni walikuja na suti zao, wakainama kwenye tundu, wakapiga makofi. Siku hizo Nzigire aliombwa akae nyuma ya ghala, pale Mulume alipoweza kumsikia.

Mvua za masika zilipoanza, Mulume alisema amechoka.

"Mugongo inauma, Nzigire. Omba banitoe."

Twagirayezu alilifikiria jambo hilo kwa moyo mzuri. Alisema Mulume atatoka apatikanapo mtu wa kushika mahali pake. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya misa, na foleni ikajipanga langoni kabla jua halijawa kali. Aliyetangulia mbele alikuwa Habineza, mume wa Odette, amevaa koti la harusi yake. Alitazama chini, kama mkwe afanyavyo mbele ya mama mkwe.

"Odette anajua?"

"Anajua, Maman. Ni yeye alipiga pasi koti."

"Na batoto?"

"Ni kazi ya kudumu. Bamesema huku hakuna kufukuzwa."

Nzigire angeweza kumwambia arudi nyumbani. Nyuma yake, kupitia tundu, Mulume alikuwa anapumua kama mtu anayepandisha gunia mlimani. Mama mkwe hamgusi mkwe wake, hata mkono. Nzigire alinyoosha mkono, akamweka sawa ukosi wa koti.

Habineza aliteremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta, kwenye shimo lililochimbwa kwa mashine mpya, akasema asante alipofika chini. Zege lilimwagwa mfululizo. Nzigire alisimama mbele ya bloku ya nane akingoja ifunguliwe, hadi Twagirayezu alipokuja kumwambia kwamba vipimo vimeonyesha bloku ya tisa nayo ni dhaifu, tena zaidi. Habineza amewekwa humo.

"Na huyu wangu?"

"Babili banashika vizuri kuliko mumoja, Maman."

Nzigire aliinama kwenye tundu akamwambia Mulume avumilie kidogo. Mulume aliuliza ni nani huyo anayelia upande wa pili.

"Mukwe wako," alisema Nzigire. "Umusalimie."

Asubuhi iliyofuata gari lilileta wanawake wawili. Odette alikuja na mkeka na mtoto mgongoni, akakaa mbele ya tundu ya bloku ya tisa, akauliza kama ukuta huwa baridi hivi siku zote. Nzigire alisema jua hufika baadaye, lakini si pande zote. Akasogea kidogo, ili likija limwangukie binti yake kwanza.